Mstari wa Njaa

Kasuku alizinduka usingizini akiwa na hasira zilezile alizolala nazo.

"Toka," alisema, kwa sauti nene ya mwanamume mvuta sigara. "Toka, ufunge mlango."

Mezna alicheka chini ya barakoa. Alikuwa ametoka kumfungua kifuko cha shingoni akamtoa kokwa ya tende, kisha akamshona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Suhail ndiye aliyemshika ndege yule ndani ya taulo, kama mtu anayempakata mtoto wa jirani ambaye hajui lini atamkojolea.

"Mgonjwa wako hana adabu, daktari," Suhail alisema.

"Anamwiga mwenye nyumba yake."

"Basi ungemlaza mwenye nyumba, kasuku ukamwacha."

Macho yao yakakutana juu ya barakoa. Karibu miaka mitatu walikuwa wamejifunza kusemezana hivyo, kwa macho, maana chumba cha upasuaji hakina pembe ya kujificha. Walikuwa madaktari wa mifugo kamili wote wawili. Walikuja hospitali hii ya Al Ain pamoja, mwaka uleule, kusomea ubingwa wa upasuaji na tiba ya wanyama wa kigeni wanaofugwa majumbani: kasuku, kobe, mijusi, sungura, na zaidi ya wote vipanga, ndege wa kuwindia ambao watu wa huku huwapenda kama watoto wa kuzaa. Walikesha pamoja kwa kobe aliyekanyagwa na gari. Walifundishana mafundo kwa uzi uliofungwa kwenye kifungo cha abaya ya Mezna. Sasa mtihani wa mwisho ulikuwa karibu, na iliyokuwa karibu zaidi ni Alhamisi, siku ya posa.

"Mama amepiga simu tena," Mezna alinong'ona. "Anauliza kama wazee wenu wanapenda harisi ya ngano yenye samli nyingi."

Suhail alimrudisha kasuku kwenye kizimba taratibu. "Wanakula tu."

"Nimwambieje?"

"Mwambie asijisumbue."

"Suhail, mama yangu asijisumbue? Tangu wiki iliyopita anafukizia ubani hadi jiko la gesi."

Akatabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuja limechoka. "Alhamisi, inshallah," alisema, akageuka kunawa mikono.

Mezna alikuwa msichana wa haya. Neno likimsumbua, hulikunja akaliweka mahali. Inshallah ile nayo aliikunja.

Kumshawishi baba yake aipokee posa kulimchukua miezi. Bwana Obaid hakuwa na ugomvi na kijana. Ugomvi wake ulikuwa na ukoo. Babu yake Mezna alikuwa mfundishaji wa vipanga. Maisha yake yote aliwabeba mkononi ndege wa kina Suhail, akawalisha, akawafundisha kurudi, akawapeleka jangwani kuwinda tandawala, ndege wakubwa wa nyikani, na jioni alikula na wapishi.

"Hawatakuja, mwanangu," baba alikuwa amesema. "Watu wale hawachukui mke katika nyumba iliyobeba ndege wao."

"Yeye si wao, baba. Yeye ni yeye."

"Hakuna mtu aliye yeye peke yake siku ya posa."

Lakini mwisho baba akakubali, kwa kuwa Mezna hakuwahi kumwomba kitu kingine. Tangu akubali hakunung'unika tena. Alikuwa ameyatoa mazulia yote ya baraza na kuyakung'uta vumbi kwa mkono wake.

*

"Daktari Mezna," muuguzi wa mapokezi aliita mlangoni, "kuna kipanga. Mwenyewe analia, ndege halii."

Mwenyewe alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, abaya imejaa vumbi, glavu ya ngozi mkononi. Juu ya glavu alikaa kipanga mkubwa wa rangi ya mchanga, kofia yake ndogo ya ngozi imemfunika macho, ametulia kama anayesikiliza hotuba.

"Samahani, daktari, nimekuja nilivyo. Hata mswaki sijapiga." Akajifuta mashavu. "Naitwa Ghaya. Huyu ni Sarab. Amevunja mkia. Nilimrusha kwenye chambo, akajigeuza kwa nguvu, nikasikia tak. Nikajiambia ni kijiti. Kumbe ni yeye."

"Anakula?"

"Anakula kama ana harusi."

"Basi yuko hai. Mkia tutautengeneza, usilie." Mezna akamgusa ndege kifuani kwa mgongo wa kidole, kama alivyofundishwa na babu. "Umekuwa naye muda mrefu?"

"Tangu mwezi uliopita. Ni zawadi." Ghaya akainamisha macho, na tabasamu likampita usoni. "Ya watu wanaokuja kwetu Alhamisi. Mama amenikataza kusema jambo kabla halijawa. Lakini nyinyi madaktari si siri za wagonjwa hamtoi?"

"Hatutoi. Hongera."

"Basi naogopa, daktari. Ndege lazima akae barazani siku hiyo, wamwone. Wakimkuta hana mkia watasema, huyu ameshindwa kumtunza ndege, mtoto wetu atamtunza vipi?"

Mezna akacheka. Alimpenda binti yule papo hapo, kwa ule woga wake uliokuwa nje nje. Wake mwenyewe alikuwa ameuficha nyuma ya koti jeupe.

"Hata sisi tuna wageni Alhamisi," alisema, akajishangaa, maana hakuwa amemwambia mtu yeyote hospitalini.

"Wewe?" Ghaya akamshika mkono kwa ule usio na glavu. "Wallahi? Wageni wale wale ninaowadhania?"

"Hao hao."

"Basi tuombeane, dada. Mimi nitakuombea kwa jina. Mezna, sivyo?"

"Mezna."

"Nitakuombea kwa jina," Ghaya akarudia, na akamkabidhi ndege.

*

Kipanga akilala kwa gesi huwa mdogo ghafla. Ukali wote huondoka, akabaki manyoya na mifupa mepesi kama vijiti vya uvumba. Mezna alimvua kofia, akamlaza kifudifudi, akaufungua mkia kwa vidole viwili kama anayefungua upepeo wa kukunja.

Manyoya kumi yalikuwa ya ndege mwenyewe, hudhurungi yenye mabaka. Mawili ya katikati hayakuwa yake. Yalikuwa yamepandikizwa: fundi hukata unyoya uliovunjika karibu na mzizi, akachomeka kijiti chembamba cha mwanzi, akaunganisha unyoya mzima uliodondoka kwa ndege mwingine. Ni kazi ya kawaida. Kila hospitali ya vipanga ina droo za manyoya kwa ajili hiyo, na Mezna alishafanya mara nyingi asizozikumbuka.

Lakini haya mawili yalikuwa yamepauka zaidi, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Mmoja ulikuwa umekatika katikati, ncha yake ikining'inia. Mwingine ulikuwa mzima, na pale pale mwenzake ulipokatikia, ulipita mstari mwembamba, wa kukingama, kama mtu aliyekwaruza kwa ukucha.

Mezna akausogeza mwanga wa taa.

Aliujua mstari ule. Alilala nao chini ya mto tangu utotoni.

Babu alikuwa na ndege mmoja tu wa kwake mwenyewe, jina lake Wadha. Mwaka ule babu alipougua, Wadha alikuwa anaotesha mkia mpya, naye hakula kwa mkono wa mtu mwingine. Siku zile za kukaa bila kula, unyoya uliendelea kukua, lakini ulikua dhaifu. Babu alipoinuka kitandani na kumlisha tena, manyoya yakaendelea vizuri, mstari ukabaki. Mwaka uliofuata yalipodondoka, babu alimpa Mezna yale mawili ya katikati. "Yatunze," alimwambia. "Ila usimpandikizie ndege yeyote. Hapa kwenye mstari wa njaa hapana nguvu. Siku atakayoyahitaji ndiyo siku yatakayokatika."

Alikua, akasoma, akawa daktari kwa sababu ya manyoya mawili. Na mwaka jana, siku aliyoamini kwamba Suhail ndiye, hakuwa na kitu kingine chenye thamani ya kumpa.

Alikumbuka kila kitu cha siku ile. Benchi la nyuma ya wodi ya kobe, mlima Hafit umefifia kwa joto. Alimfungulia kitambaa, akamwelezea habari za babu, ugonjwa, mstari, kwa nini hayafai kupandikizwa. Suhail alimtazama usoni muda wote, bila kupepesa, hadi maneno yakamkauka. Hakuwahi kutazamwa namna ile. Usiku huo hakulala kwa furaha.

Sasa, kwa mkono uliokuwa kama wa mtu mwingine, alichukua kibano akauvuta unyoya mzima kutoka pale ulipounganishwa. Kijiti cha mwanzi kikatoka nao. Kilikuwa kimezungushiwa uzi wa hariri kabla ya kupakwa gundi, mzunguko baada ya mzunguko, ukaishia kwa fundo dogo la pembeni. Hospitali nzima ni mtu mmoja tu aliyefunga hariri hivyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha lile fundo, kwenye kifungo cha abaya yake.

"Naona nini hapa?"

Profesa Barta alikuwa amesimama nyuma yake. Mama huyu wa Kihungari, mkuu wa mafunzo yao, alikuwa ameishi huku miaka mingi hata akawa anakemea kama bibi wa kijijini. Akainamia meza, miwani kwenye ncha ya pua.

"Mkono mzuri," alisema. "Kichwa kibovu. Nani anapandikiza unyoya wenye mstari wa njaa? Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafanyi hivi. Daktari Suhail, njoo uone."

Suhail alikuja, barakoa usoni. Alipouona mkia, mabega yake yalishuka kidogo sana. Ni mtu anayempenda tu ambaye angeona.

"Hariri hii," profesa akasema. "Si wewe unayependa kufunga hariri? Ni kazi yako?"

Mashine ya gesi ikapumua. Ndege akapumua. Mezna alimtazama Suhail, na moyoni alikuwa akimsihi, kwa upumbavu wote wa moyo: sema ndiyo, sema una maelezo, nitayapokea yoyote.

"Hapana, profesa," Suhail alisema. "Huenda ni mafundi wa sokoni."

"Mafundi wa sokoni wamekuwa hodari," profesa akasema kwa ukavu, akaenda zake.

*

Chumba cha manyoya kilikuwa kidogo, droo kuanzia sakafuni hadi darini, kila droo na jinsi ya ndege na upande wa bawa. Mezna aliingia kutafuta manyoya ya kufaa. Suhail akaingia nyuma yake na kuurudisha mlango.

"Mezna."

"Acha mlango wazi. Ndege yuko mezani, nitaitwa wakati wowote."

Akauacha wazi.

"Binti aliye nje anaitwa nani?" Mezna akauliza.

"Mezna, nisikilize."

"Mezna ni mimi. Nimekuuliza yeye."

Suhail akavua barakoa. Bila barakoa alionekana mdogo, kama kipanga aliyelala. "Ghaya. Ni mtoto wa binamu yake mama."

"Alhamisi mnakwenda kwao."

"Wazee ndio wanaokwenda. Mimi sijasema ndiyo."

"Umesema hapana?"

Mezna akavuta droo, akaitazama bila kuona kitu, akairudisha.

"Na kwetu? Alhamisi kwetu anakuja nani?"

"Nilitaka kukwambia kesho."

"Kesho mama atakuwa ameshaloweka ngano. Baba amekung'uta mazulia yote, Suhail. Baba yangu, aliyeniambia hamtakuja. Ulikuwa umwache akae barazani amevaa nguo mpya, anasikiliza magari?"

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nifundishe. Wewe ndiye unayejua kusema, hata profesa umemjibu bila kutetemeka."

Suhail akaegemea droo. "Nilimwambia mama habari zako. Wallahi nilimwambia. Nikamwambia hakuna mkono kama wako katika hospitali yote. Akaniuliza, ni binti wa nani? Nikamtajia. Akacheka kidogo, wala si kwa ubaya. Akasema, 'Wa yule mzee aliyekuwa akiwalisha ndege wetu?' Basi. Hakuongeza neno."

"Na wewe ukaongeza lipi?"

Suhail akaisukuma droo iliyokwisha kufungwa.

"Suhail. Mama yako alipomwita babu yangu hivyo, wewe ulijibu nini?"

"Nilinyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Mama ana presha. Nilinyamaza."

Mezna akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayesikia majibu ya maabara aliyokuwa ameshayakisia.

"Na manyoya?"

"Baba alimnunua yule ndege awe zawadi, akavunjika mkia njiani. Akaniambia nimtengeneze upesi, aibu kumpeleka mbovu. Nilitafuta humu, siku ile ya kipimo chake hayakuwapo. Nikakumbuka yako." Akainua macho, na kwa nukta moja kulikuwa na fahari ndani yake, fahari ya fundi. "Yalimkaa vizuri mno, Mezna. Hakuna aliyegundua."

Hapo ndipo alipochomwa. Mengine yote alishayapokea: mama, presha, Alhamisi. Lakini hili lilipita kati ya mbavu. Babu aliyekula na wapishi alikuwa na ndege mmoja tu duniani, na manyoya ya ndege huyo sasa yalikuwa yamekwenda kupamba zawadi ya mchumba wa watu wale wale.

"Mimi nimegundua," alisema.

"Nipe mwaka," Suhail akasema haraka, akisogea. "Waache wanioze wamtakaye, mambo yatulie. Kisha nije kwenu kwa heshima zote. Si haramu. Wewe ndiye utakayekuwa wa moyo."

"Wa moyo na wa pili."

"Majina tu hayo."

"Na Ghaya atakuwa wa nani?"

"Wa mama," alisema, akijaribu kutabasamu.

"Maskini. Ametoka nyumbani bila kupiga mswaki kwa ajili ya zawadi yako." Machozi yalikuja sasa, na aliyaacha yashuke, maana mikono yake ilikuwa bado ndani ya glavu za kazi. "Ananiombea, unajua? Ameniahidi kuniombea kwa jina."

Rangi ikamtoka Suhail. "Umemwambia nini?"

"Hilo ndilo linalokuogopesha."

"Mezna, tafadhali. Usimwambie. Mambo yameshafika kwa wazee. Nakuomba kwa yote yaliyokuwa kati yetu."

Alimtazama mtu huyo aliyempenda, akitafuta angalau chembe moja ya kumchukia ili iwe rahisi. Hakuipata. Aliona tu kijana mzuri wa sura, mwenye mkono mzuri.

"Nifungulie droo ya juu, siifikii," alisema. "Manyoya ya kati, hudhurungi."

Akamfungulia. Akamchagulia mawili, akayapeleka mwangani, akampa.

"Haya hayana mstari?" Mezna akauliza.

"Hayana."

Hata hivyo aliyapeleka dirishani akayakagua mwenyewe.

"Nenda kamtazame kasuku," alisema. "Muda wa dawa yake umefika."

*

Sarab alirudi mkononi kwa bibiye na mkia kamili, ameikunjua miguu yake kwenye glavu kwa dharau, kama aliyekuwa amekwenda kunyolewa tu. Ghaya alizunguka nyuma yake, akainama, akapiga kelele ndogo ya furaha.

"Daktari, Mungu akupe unalolitaka. Akimwona huyu, hata mama mkwe atanyamaza." Kisha akayaona manyoya mkononi mwa Mezna. "Ni yale ya zamani? Yalikuwa mazuri. Kwa nini huu ulikatika?"

Mezna alikuwa amekusudia kusema ulizeeka. Alikuwa amelipanga neno lenyewe njiani, likawa tayari ulimini. Lakini binti yule alimtazama kwa macho ya mtu anayeuliza kwa sababu anataka kujua.

"Unaona mstari huu?" Akauelekeza kwa kidole. "Unaitwa mstari wa njaa. Ndege alikaa bila kula unyoya ukiwa unaota. Ukiutazama ni mzuri, lakini hapa hauna nguvu. Unyoya wa namna hii haupandikizwi."

"Sasa aliyeupandikiza hakujua?"

"Aliambiwa."

"Aliambiwa na nani?"

Maisha yake yote Mezna alikuwa ndiye anayekunja maneno akayaweka. "Muulize mwenye zawadi," alisema. "Kabla ya Alhamisi. Muulize manyoya haya aliyatoa kwa nani."

Ghaya alitazama manyoya, na namna vidole vya daktari vilivyoyashika, si kama kitu cha kutupwa kwenye ndoo. Tabasamu likamtoka polepole, kwanza machoni.

"Dada," alisema, "ulisema na nyinyi mna wageni Alhamisi."

"Nilisema."

"Wanatoka ukoo gani?"

Mezna akaitengeneza kofia ya ngozi kichwani kwa Sarab, akakaza uzi wake, ingawa ulikuwa umekazwa.

"Hawaji tena," alijibu.

Walisimama pale, ndege kati yao. Kisha Ghaya akavuta shela yake mbele, akaushika tena mkono wa Mezna kama alivyoushika asubuhi, ila safari hii aliubana sana, na akaelekea mlangoni bila kuaga. Pale mlangoni alikutana na Suhail akiingia na kizimba cha kasuku. Suhail akasimama ampishe. Ghaya hakupita. Alisimama akimtazama, na Mezna alipoingia ndani bado walikuwa wamesimama hivyo, wakati kasuku anarudia kwa sauti yake ya sigara, "Toka, toka, ufunge mlango."

*

Nyumbani palinukia udi na samli. Mama alikuwa uani, amezama hadi viwiko kwenye beseni la ngano.

"Umewahi leo. Haya, vua viatu, njoo unisaidie. Na usinikalie na uso huo, bibi harusi halii kabla ya siku."

"Baba yuko wapi?"

"Barazani, anasugua birika la kahawa. Nimemwambia litatoboka."

Bwana Obaid alikuwa amekaa juu ya zulia, birika la shaba katikati ya miguu, kitambaa mkononi. Mito mipya ilikuwa imepangwa kuzunguka kuta zote, mingi kuliko wageni waliotajwa. Mezna aliketi mbele yake, magoti yamegusana kama alipokuwa mdogo akijifunza Kurani.

"Baba, Alhamisi hawaji."

Mkono wa baba uliendelea kusugua kidogo, kama gari linaloserereka baada ya injini kuzimwa. Kisha ukasimama. Mezna alisubiri neno lile: nilikwambia. Baba alikuwa na haki ya kulisema, na angelisema, Mezna angemsamehe.

Hakulisema. Alilitazama birika, akaliweka pembeni taratibu, lisipige kelele mama akasikia.

"Umeumizwa?" akauliza.

Mezna akafungua kitambaa, akaweka manyoya juu ya zulia, ule mzima na vile vipande viwili. Bwana Obaid akainama. Akakiokota kipande kimoja, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango, na uso wake wa kizee ukabadilika.

"Wadha," alisema.

"Alimpandikizia kipanga, baba. Wa kupeleka posa kwa watu wengine. Mmoja ukakatika, na ndege akaletwa kwangu nimtibu."

"Ukamtibu?"

"Nimemtibu. Mkia umekamilika."

Baba akaitikia. Akaviunganisha vile vipande kwa vidole vyake vinene, vikakutana sawasawa kwenye mstari. Akaviachia, vikatengana.

"Ulipompa, ulimwambia kwamba haya hayapandikizwi?"

"Nilimwambia."

"Na mstari ukamwonyesha?"

"Nilimwonyesha kwa kidole, baba. Nikamweleza habari zote za babu, mwanzo hadi mwisho."

"Sasa ilikuwaje?"

Mezna akainamisha kichwa. Uani mama alikuwa akiimba kidogo kidogo, akibadilisha maji ya ngano.

"Alikuwa ananitazama usoni," alisema. "Nikadhani anasikia."